Mashine ya Jicho Isiaminiwe Bila Kuhojiwa

Imekuwa desturi siku hizi, katika mazungumzo ya ofisini na katika hotuba za kuzindua wodi na maabara, kuisifu mashine kwa upya wake. Mashine ikiwa mpya huhesabiwa kuwa nzuri. Ikiwa na kioo chenye rangi huhesabiwa kuwa nzuri zaidi. Na ikiwa imetoka mbali kwa bei kubwa, basi hakuna anayethubutu kuiuliza swali. Desturi hiyo huleta hasara katika mambo mengi, lakini ni mahali pachache ambapo hasara yake ni ya kimya kama katika upimaji wa sehemu ya mbele ya jicho. Hapo tarakimu moja iliyopokelewa bila kufikiriwa yaweza kumwacha mtu na ukungu maisha yake yote, naye asijue kamwe kwamba kosa halikuwa la jicho lake wala la mkono wa daktari, bali la namba iliyoaminiwa kabla ya kuhojiwa.

Sehemu ya mbele ya jicho ndiyo mlango wa mwanga. Mbele kabisa ipo konea, ule utando mgumu, angavu, uliobinuka kama kioo cha saa. Nyuma ya konea kipo chumba kidogo chenye maji. Kisha lipo duara lenye rangi, mboni katikati yake, na nyuma ya mboni ipo lenzi. Nguvu ya kuupinda mwanga hupimwa kwa dayopta, na jicho zima lina dayopta 60 hivi. Kati ya hizo, takriban 43 ni kazi ya konea peke yake. Na utando huo unaobeba kazi kubwa namna hiyo una unene wa nusu milimita tu katikati yake, yaani wastani wa maikromita 540 hivi, ambapo maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika kiungo cha namna hiyo hakuna kosa linaloweza kuitwa dogo.

Watu wa aina tatu hutegemea vipimo hivyo. Wa kwanza ni mwenye mtoto wa jicho, ambaye lenzi yake iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Nguvu ya lenzi hiyo hukokotolewa kutokana na mbinuko wa konea na urefu wa jicho. Wa pili ni kijana ambaye konea yake inalegea na kuchongoka mfano wa pia, ugonjwa uitwao keratokonasi, ambao kwa kawaida huanza katika umri wa shule. Wa tatu ni mwenye presha ya jicho, ambaye unene wa konea yake huweza kuidanganya mashine inayopima presha hiyo. Kwa watu hao wote watatu, swali la kulinganisha mashine moja na nyingine si mchezo wa wataalamu. Ni swali la kuona au kutoona.

Hoja yenyewe ni nyepesi kuisema, ingawa wengi wanaona uzito kuitekeleza: tarakimu iliyotolewa na mashine moja haiwezi kushika nafasi ya tarakimu iliyotolewa na mashine nyingine mpaka ithibitishwe kwamba yaweza. Anayefanya vinginevyo, awe daktari, mnunuzi au mfadhili, anabahatisha kwa macho ya watu.

KILA MASHINE NA SWALI LAKE

Kupima konea si uvumbuzi wa leo. Mwaka 1619 Christoph Scheiner, mtawa wa Kijesuiti, alichapisha kitabu chake juu ya jicho, akaeleza jinsi alivyoweka gololi za kioo za ukubwa mbalimbali kando ya jicho la mtu aliyekabili dirisha. Alitazama kivuli cha dirisha katika konea na katika gololi, akatafuta gololi ambayo kivuli chake kinalingana na kile cha jicho. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha konea kilikuwa ulinganisho. Katika miaka ya 1850 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alitengeneza chombo cha kuupima mwakisiko huo kwa usahihi, na mwaka 1881 Javal na Schiøtz walikirahisisha hata kikaingia katika vyumba vya madaktari wa kawaida. Chombo hicho, keratomita, bado kinatumika duniani kote. Katika zama zizo hizo Mreno Antonio Plácido alibuni kisahani chenye duara nyeupe na nyeusi. Mwakisiko wa duara hizo katika konea ukipinda, daktari hujua kwamba konea nayo imepinda.

Vyombo hivyo vyote huusoma uso wa mbele wa konea kama mtu anavyousoma uso wa maji kwa kutazama vivuli vya miti. Keratomita husoma nukta chache katika eneo lenye upana wa milimita 3 hivi katikati. Kisahani cha Plácido, ambacho tangu miaka ya 1980 kimeunganishwa na kompyuta, husoma maelfu ya nukta, lakini nacho hutegemea utando wa machozi. Macho yakikauka, mwakisiko huchafuka.

Baadaye zikaja mashine za jamii nyingine, zinazokata jicho kwa mwanga badala ya kutazama mwakisiko. Katika miaka ya 1990 ilitoka mashine ya Orbscan, inayopitisha miale myembamba ya mwanga juu ya konea na kuupiga picha uso wa mbele na wa nyuma. Ikafuata Pentacam ya Ujerumani, yenye kamera inayozunguka, ikichukua picha nyingi ndani ya sekunde 2 hivi kwa kanuni ya Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria, aliyeisajili mwaka 1904 kwa ajili ya picha za ardhi zinazopigwa kutoka angani. Galilei ya Uswisi na Sirius ya Italia zimeunganisha kamera za namna hiyo na duara za Plácido. Kisha zikaja mashine za OCT, ambazo mfumo wake ulitangazwa Marekani mwaka 1991 na kuelekezwa mbele ya jicho mwaka 1994. Hizo hupima kwa mwanga usioonekana, kwa namna inayofanana na kupima umbali kwa mwangwi. Kando yake ipo altrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, na ambayo huweza kufika nyuma ya lile duara lenye rangi, mahali ambapo mwanga wa OCT haupenyi vizuri.

Maelezo haya yanatosha kuonyesha kosa la msingi la wanaosema kwamba mashine zote hizi zinapima kitu kimoja. Hazipimi kitu kimoja. Moja inauliza uso wa machozi unaakisi vipi. Nyingine inauliza mwanga unatawanyika wapi ndani ya utando. Nyingine inauliza mawimbi ya sauti yamerudi baada ya muda gani. Kisha kila moja inayapitisha majibu yake katika hesabu zake yenyewe, na mwisho wa yote inaandika neno lile lile: mbinuko, unene, kina. Mashahidi watatu waliosimama katika pembe tatu tofauti za uwanja wanatumia maneno yaleyale, na msikilizaji mvivu anadhani waliona jambo lile lile.

KANUNI ZILIZOJIFICHA

Mfano wa kwanza ni wa hesabu, na mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kuuandika ubaoni. Keratomita haipimi dayopta. Inapima nusu kipenyo cha mbinuko wa konea kwa milimita, kisha inakigeuza kuwa dayopta kwa kutumia namba inayokadiria jinsi konea nzima inavyoupinda mwanga. Namba iliyozoeleka tangu karne ya 19 ni 1.3375. Kwa konea yenye nusu kipenyo cha milimita 7.5, hesabu hugawa 337.5 kwa 7.5, na jibu ni dayopta 45.00. Lakini zipo mashine zinazotumia 1.332. Kwa konea ile ile, yenye milimita zile zile 7.5, jibu sasa ni dayopta 44.27. Hakuna kilichobadilika katika jicho. Hakuna aliyekosea kupima. Tofauti ya dayopta 0.73 imezaliwa ndani ya chuma, na namba iliyoizaa haionekani juu ya karatasi ya majibu ila kwa anayejua kuitafuta.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Katika kanuni ya SRK ya mwaka 1980, ambayo siku hizi imepitwa na kanuni bora zaidi lakini inafaa kwa kufundishia, kila dayopta moja ya konea hubadilisha nguvu ya lenzi ya bandia kwa dayopta 0.9. Basi 0.73 ile inahamisha lenzi kwa takriban dayopta 0.66, nazo lenzi kwa kawaida hutengenezwa kwa hatua za nusu dayopta. Yaani mgonjwa amewekewa lenzi ya mtu mwingine.

Mfano wa pili ni kina cha kile chumba chenye maji. Baadhi ya mashine huanza kukipima kutoka uso wa nje wa konea. Nyingine huanza kutoka uso wa ndani. Tofauti kati yao ni unene wa konea, ile nusu milimita na kitu. Jicho lenye kina cha milimita 3.00 kwa hesabu ya kwanza lina 2.46 tu kwa hesabu ya pili. Ikiwa daktari ameweka mpaka wake katika 2.5, na kuwaita wote walio chini ya hapo wachunguzwe zaidi kwa hofu ya presha ya ghafla, basi mashine moja itamrudisha mgonjwa nyumbani na nyingine itamzuia, ilhali jicho ni lile lile na siku ni ile ile.

Mfano wa tatu ni unene wenyewe. Ilipotoka Orbscan ilibainika kwamba tarakimu zake za unene zilikuwa kubwa kuliko za altrasaundi, hata ikabidi ziwe zinazidishwa kwa 0.92 ili zikaribiane nazo. Fikiria mtu anayetaka kufanyiwa upasuaji wa leza ili aache miwani. Mashine inasema konea yake ni maikromita 500. Kifuniko kinachofunuliwa ni 110 na leza itaondoa 120. Zitabaki 270, juu ya zile 250 ambazo madaktari wengi wamezichukua kuwa mpaka wa chini. Lakini kama 500 ile ilipaswa kuzidishwa kwa 0.92, konea ni 460, na kitakachobaki ni 230. Mwaka 1998 Theo Seiler na wenzake wa Ujerumani walieleza jinsi konea ilivyoweza kulegea na kuchongoka baada ya upasuaji wa namna hiyo. Huko ndiko kosa la tarakimu linakopeleka watu.

Unene huohuo unamgusa pia mwenye presha ya jicho. Hans Goldmann wa Uswisi, ambaye kipima-presha chake cha miaka ya 1950 bado ndicho kinachorejewa na wengine wote, alikijenga juu ya makisio ya konea yenye maikromita 520 hivi. Konea ikiwa nene zaidi, presha husomeka kubwa kuliko ilivyo; ikiwa nyembamba, husomeka ndogo. Na utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wenye presha ya juu, wale wenye konea nyembamba wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata glaukoma. Kwa hiyo mashine ya unene inayoongeza maikromita chache zisizokuwepo inaweza kumpa matumaini ya uongo mtu ambaye neva ya jicho lake inakufa polepole.

KWENDA PAMOJA SI KUKUBALIANA

Wauzaji wa mashine wanayo silaha moja wanayoipenda kuliko zote. Katika vijitabu vyao vya karatasi inayong'aa huonyesha kwamba tarakimu za mashine yao zinapopanda, za mashine nyingine nazo hupanda, na kwamba uhusiano huo ni 0.95 au zaidi, karibu kabisa na 1. Msomaji huinama mbele ya sifuri na tisa hizo kama mbele ya hukumu ya mahakama kuu. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Walimu wanaweza kuiona hila hiyo kwa urahisi kuliko watu wengine wote. Chukulia walimu wawili wanaosahihisha karatasi zilezile za wanafunzi 40. Mwalimu wa pili anampa kila mwanafunzi alama 10 zaidi ya zile alizotoa wa kwanza. Wa kwanza darasani ni yule yule, na wa mwisho ni yule yule; uhusiano kati ya alama za walimu hao ni 1 kamili, usio na dosari. Lakini kama mpaka wa kufaulu ni 45, mwanafunzi mwenye 40 kwa mwalimu wa kwanza ameanguka na kwa wa pili amefaulu. Walimu hao wanakwenda pamoja, ila hawakubaliani. Na kosa lao hilo ni la afadhali, kwa sababu laweza kusahihishwa kwa kutoa 10. Kuna kosa baya zaidi: mwalimu anayempa mmoja 8 zaidi na mwingine 8 pungufu bila mpango. Wastani wa tofauti yake ni sifuri, naye anaweza kujisifu kwamba hana upendeleo. Lakini hakuna mwanafunzi hata mmoja anayeweza kuitegemea alama yake.

Jambo hili liliwekwa wazi na Waingereza wawili wa elimu ya takwimu, Martin Bland na Douglas Altman, katika jarida la Lancet mwaka 1986. Wakitumia mfano wa vyombo viwili vya kupimia nguvu ya pumzi, walionyesha kwamba uhusiano mkubwa hauthibitishi kukubaliana. Linalotakiwa ni kuchukua tofauti ya mashine mbili kwa kila mtu mmoja mmoja, kutafuta wastani wa tofauti hizo, kisha kutafuta mipaka ambayo ndani yake zimo takriban tofauti 95 katika kila 100. Halafu anaulizwa mganga, si mfanyabiashara: je, tofauti kubwa kiasi hiki inaweza kumdhuru mgonjwa? Kama inaweza, mashine hizo hazibadilishani nafasi, hata uhusiano wao uwe 0.99. Njia hii ina umri wa miaka 40 hivi. Haihitaji kompyuta kubwa. Inahitaji karatasi, kalamu na uaminifu. Hakuna udhuru wa kununua chombo cha kupimia macho bila kuitaka.

Wapo watakaojibu kwamba mashine mpya haibabaishi: ikipima jicho mara tatu, hutoa jibu lilelile mara tatu. Sifa hiyo ni njema, tena ni sharti la kwanza, maana chombo kisichokubaliana na nafsi yake hakiwezi kukubaliana na kingine. Lakini kurudia si kusema kweli. Saa ya ukutani inayotangulia kwa dakika 10 hurudia kosa lake kwa uaminifu mkubwa kila siku, na anayeifuata hufika kituoni mapema kila siku. Wala isidhaniwe kwamba chombo cha zamani ndicho hakimu. Mashine mbili zikitofautiana, tofauti yenyewe haisemi ni ipi iliyokosea. Gololi ya chuma ya kurekebishia mashine ina mbinuko unaojulikana. Konea ya mtu aliye hai hakuna aliyeitoa na kuipima kwa rula.

RANGI NYEKUNDU SI UGONJWA

Kosa jingine linaingia kupitia rangi. Mashine hizi huchora ramani ya konea: mahali palipobinuka zaidi pakiwa pekundu, palipolala pakiwa pa buluu. Ni picha ya kupendeza, na ndiyo inayoonyeshwa kwa wageni rasmi. Lakini rangi hizo hutegemea ngazi iliyochaguliwa. Konea ileile ikichorwa kwa hatua za dayopta 1.5 inaweza kuonekana kijani tulivu. Ikichorwa kwa hatua za nusu dayopta inajaa nyekundu na njano kama shamba linaloungua. Kuna wazazi waliotishwa bure na rangi hizo, na kuna vijana walioruhusiwa kwenda zao kwa sababu ramani ilionekana imepoa. Anayetazama rangi bila kusoma ngazi iliyo kando yake hana tofauti na mtu anayesoma ramani ya nchi bila kujua kipimo chake, akadhani mwendo wa siku mbili ni matembezi ya jioni.

Kwa kijana mwenye keratokonasi jambo hili ni zito kuliko yote. Kwake yeye kipimo kimoja hakitoshi. Linalotakiwa ni kujua kama konea inaendelea kuchongoka, ili ipewe tiba ya kuikaza ambayo ripoti yake ya kwanza kwa wagonjwa ilitoka Dresden, Ujerumani, mwaka 2003. Katika tafiti nyingi, ongezeko la dayopta 1 ndani ya mwaka mmoja katika sehemu iliyobinuka zaidi limechukuliwa kuwa dalili ya kuendelea. Sasa, mwanafunzi akipimwa Januari kwa mashine moja, na Desemba kwa mashine nyingine, dayopta 1 hiyo yaweza kuwa ni ugonjwa, au yaweza kuwa ni mabadiliko ya mashine. Hakuna daktari anayeweza kuzitenganisha. Ataitibu konea iliyotulia, au ataiacha inayoharibika. Mwalimu anayemsihi mzazi ampeleke hospitali mtoto wake anayefikicha macho na kubadili miwani kila muhula, amefanya wajibu wake. Haifai hospitali imlipe kwa kubahatisha.

WANAOSEMA HAYA NI ANASA

Hapatakosekana watu wa kudai kwamba hayo yote ni mambo ya nchi tajiri; kwamba hapa, ambapo wengi hawajapata hata miwani ya kusomea, ni anasa kubishana juu ya nusu dayopta. Hoja hiyo inasikika kama ya huruma, lakini ni ya dharau. Mtu wa Zürich au wa Chicago aliyewekewa lenzi isiyomfaa hurudi wiki ijayo, akapimwa upya, akapewa miwani au lenzi nyingine. Mkulima aliyesafiri siku nzima kwa basi na kukopa nauli harudi. Lenzi aliyowekewa ndiyo atakayokufa nayo. Kwa hiyo anayestahili kipimo kilichohakikishwa zaidi ni yule asiye na nafasi ya pili.

Aidha, dunia yenyewe imekwisha kukiri hivyo. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujapata huduma. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuongeza, kufikia mwaka 2030, upasuaji wa mtoto wa jicho wenye mafanikio kwa pointi 30 za asilimia. Neno lenye uzito hapo ni mafanikio. Haihesabiwi idadi ya macho yaliyofunguliwa kwa kisu, bali ya macho yanayoona vizuri baada ya bandeji kuondolewa. Ofisa anayejaza fomu ya takwimu kwa kuhesabu upasuaji tu, bila kuuliza mgonjwa anaona mstari gani ubaoni, anahesabu mbegu zilizofukiwa na kuziita mavuno.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaozikataa mashine zote na kusifu jicho la daktari wa zamani. Nao wamepotoka. Keratomita haiuoni uso wa nyuma wa konea, ambako mara nyingi keratokonasi huanza kujionyesha. Kamera izungukayo na OCT huuona. Hoja si kuikataa mashine. Hoja ni kuikataa ibada ya mashine.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwa watumishi wa serikali wanaoandaa zabuni, jambo la kwanza ni kuacha kuandika jina la mashine na idadi ya rangi zake, na badala yake kudai mambo mawili kwa maandishi: mashine inatofautiana na nafsi yake kwa kiasi gani, na inatofautiana kwa mipaka gani na ile ambayo hospitali inayo sasa. Muuzaji asiyeweza kujibu hajui anachouza. Anayejibu kwa kutaja uhusiano wa 0.95 aambiwe kwa adabu kwamba hakuulizwa hilo. Na msaada wa bure upimwe kwa masharti hayohayo, kwa maana zawadi isiyohojiwa huanza kudai gharama siku ya pili.

Jambo la pili ni daftari. Kila tarakimu ya jicho iandikwe pamoja na jina la mashine iliyoitoa, kizio chake, namba iliyotumika kugeuza milimita kuwa dayopta, na uso ambapo kina kilianza kupimwa. Iandikwe pia kama mgonjwa alikuwa amevaa lenzi za kubandika siku chache kabla, kwani hizo huibadili konea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni kuona.

La tatu, mashine mpya ikifika, ya zamani isitupwe stoo siku ileile. Wagonjwa wanaofuatiliwa wapimwe kwa zote mbili, ili pawe na daraja la kuvukia kutoka tarakimu za jana kwenda za leo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Keratomita ya zamani inayorekebishwa vizuri na fundi anayeijua ina heshima kuliko mashine ya mamilioni iliyofunikwa shuka ikingoja taa yake kutoka ng'ambo.

La nne ni kurudi nyuma na kutazama. Lenzi ya bandia ileile hupewa namba moja ya hesabu inapopimiwa kwa altrasaundi na nyingine inapopimiwa kwa mwanga. Namba hizo zinapaswa kurekebishwa kwa matokeo ya wagonjwa wa hospitali yenyewe. Hospitali isiyowapima wagonjwa wake wiki kadhaa baada ya upasuaji, ikalinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, haijui kama mashine yake inasema kweli. Inaamini tu.

Na kwa walimu limebaki moja kubwa kuliko yote hayo. Mtoto anayefundishwa kwamba kipimo ni namba tu atakua kuwa mnunuzi anayedanganywa na kijitabu. Mtoto anayefundishwa kwamba kipimo ni namba, na chombo, na kanuni, na mkono wa mtu, atakua kuwa ofisa anayeuliza: imepimwa na nini, kutoka wapi, na inaweza kukosea kwa kiasi gani? Maswali hayo matatu hayana bei. Hayaagizwi kutoka ng'ambo wala hayangoji umeme. Nchi yenye watumishi wanaoyauliza itanunua mashine chache na kuponya macho mengi. Nchi isiyoyauliza itajaza vyumba vyake vioo vya rangi, na watu wake wataendelea kupapasa njia.